Mali ya familia: malizeni maneno mzee akiwa bado anaweza kuwajibu

Familia zenye hela nyingi hazigombani kwa sababu hela ni nyingi, wala kwa sababu watoto wote ni walafi, walafi wapo ndio ila ni wachache kuliko watu wanavyodhani. Zinagombana kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja anayejua kila kitu, nani aliahidiwa nini, kampuni ipi inadaiwa na benki gani, hati ipi iko kwa jina la nani, na huyo mtu akaondoka na yote kichwani. Waliobaki kila mmoja ana kipande chake cha stori na kila mmoja anaapa kipande chake ndio chenyewe. Kwahiyo karibu kila ninachoelekeza hapa kifanyike mzee (au mama, maana akina mama wenye mali wapo kibao) akiwa mzima, akili timamu, na bado anaweza kumjibu mtoto wake uso kwa uso.

Anzeni na daftari, wakili atakuja baadaye

Watu wanakimbilia kwa wakili siku ya kwanza, wakili anawapa fomu, wanajaza, wanarudi nyumbani wakiamini wamemaliza. Wakili anaandika alichoambiwa tu. Ugomvi unatokea kwenye kile ambacho hakuna aliyemwambia.

Chukua daftari la kawaida au faili kwenye kompyuta, weka safu nne. Ya kwanza kitu chenyewe: nyumba, hisa, akaunti, ardhi, vito, hata jina la biashara. Ya pili, kwenye karatasi kipo kwa jina la nani. Ya tatu kinadaiwa nini, na hapa usisahau zile dhamana ambazo mzee alisaini yeye binafsi ili kampuni ipate mkopo, hizo hazionekani mahali mpaka siku benki inapiga simu. Ya nne ndio watu wanairuka: nani anaamini ni chake.

Chukulia nyumba ya ufukweni. Kwenye hati ni ya kampuni. Kaka mkubwa ameishi humo miaka mingi, amebadilisha paa kwa hela yake na risiti anazo. Mama aliwahi kumwambia binti wa mwisho siku ya harusi yake "hii itakuwa yako mwanangu". Na mjomba anakumbuka vizuri sana kwamba kiwanja kilinunuliwa kwa hela aliyokopesha yeye. Hapo hakuna muongo hata mmoja. Sasa safu ya nne ikijazwa mzee akiwepo, anasema mjomba nilimlipa na karatasi iko kwenye kabati, gharama ya paa kaka atarudishiwa, nyumba iende kwa binti, na kampuni iihamishe mwaka huu huu. Mazungumzo ya nusu saa. Akiwa hayupo, nyumba hiyo hiyo ni kesi ya miaka na wakwe wameshaingia katikati. Mali bila daftari huisha bila habari, na wahenga hawakusema daftari la duka peke yake.

Wosia: mmoja, mahali panapojulikana, na usikike

Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani, alifariki 2018 na kila mtu akadhani hakuacha wosia. Mwaka uliofuata zikapatikana karatasi alizoandika kwa mkono, moja kwenye daftari lililokuwa chini ya mito ya kochi sebuleni. Karatasi zikawa zinapingana, ya 2010 na ya 2014, watoto wake wakaishia mbele ya baraza la wazee wa mahakama huko Michigan, na ni mpaka Julai 2023 ndio ikaamuliwa kwamba ile ya kwenye kochi ndio inasimama. Miaka mitano, kwa mtu ambaye kuandika alikuwa ameandika kabisa.

Kwahiyo wosia uwe na sentensi inayofuta nyosia zote zilizotangulia, uwe na tarehe, mashahidi wasiwe warithi, na walau watu wawili wasioishi nyumba moja wajue nakala halisi iko wapi. Kila ukioa, ukiachana, ukizaa, ukiuza kitu kikubwa, uutoe uusome tena.

Alafu ujue sheria inayokuhusu kabla hujaanza kugawa kwa mdomo. Sio kila nchi inakuacha ugawe utakavyo. Ufaransa mwenye watoto watatu au zaidi ana uhuru na robo ya mali yake tu, robo tatu ni ya watoto apende asipende. Kwa mirathi ya Kiislamu, kwa Wasunni, wasia hauvuki theluthi moja, na huwezi kumwongezea mrithi halali kupitia wasia mpaka warithi wenzake waridhie. Mali ikiwa kwenye nchi mbili tatu unaweza ukajikuta sheria mbili tatu zinaligusa fungu moja, hapo ndio sasa wakili anahitajika kweli kweli, na awe wa kila nchi husika.

Ila karatasi hata iwe safi vipi, mkiisoma mara ya kwanza baada ya mazishi mmeshaharibu. Mtu aliyefiwa hasomi asilimia, anasoma alipendwa kiasi gani. Akiona 15 na dada yake 30 hawezi kumuuliza marehemu kwanini. Ndio maana nasema mwenye mali aite watoto aseme mwenyewe, kwa sauti: huyu nampa uongozi wa kampuni kwasababu amefanya kazi humo, huyu simpi uongozi ila atapata majengo yenye kodi ya kila mwezi, huyu nilimlipia deni kubwa mwaka ule na naihesabu. Kutakuwa na kilio, kutakuwa na mtu anatoka anabamiza mlango. Sawa tu. Bora abamize mlango mzee akiwepo wa kumfuata nje.

Na kama kuna mtoto wa nje, au nyumba nyingine, itajwe hapo hapo. Hii najua inauma na wazee wengi wataahirisha mpaka kaburini, lakini hakuna kitu kinachovunja mirathi kama mtu asiyejulikana kutokea siku ya msiba na cheti cha kuzaliwa mkononi. Mkubali mapema, mpangie fungu lake, mama wa nyumbani aambiwe na mumewe na sio na gazeti.

Kofia tatu zisivaliwe kwa mpigo

Ndani ya familia yenye biashara mtu anaweza kuwa ndugu, anaweza kuwa mwenye hisa, anaweza kuwa mfanyakazi. Wengine wana kofia zote tatu, wengine moja. Vurugu nyingi ni mtu kuongea akiwa na kofia moja wakati suala ni la kofia nyingine, yani dada anadai gawio (kofia ya hisa) na kaka anamjibu "wewe hujawahi hata kuamka asubuhi kwenda ofisini" (kofia ya kazi), na mama analia kwamba hampendani (kofia ya ndugu). Wanaongea lugha tatu.

Dawa yake ni ya kiofisi tu. Anayefanya kazi alipwe mshahara wa soko kwa kazi hiyo, usizidi usipungue. Mwenye hisa apate gawio kwa kanuni iliyoandikwa, mfano sehemu fulani ya faida kila mwaka, iwe haitegemei mudi ya mkurugenzi. Na ndugu asiye na kazi wala hisa awe na mahali pa kusema, ndio hapo linakuja baraza la familia. Mtoto wa familia akitaka kazi kwenye kampuni, wekeni sharti: kwanza afanye kazi kwa wengine miaka kadhaa, apandishwe cheo huko na bosi asiyejua baba yake ni nani. Akirudi hata wafanyakazi watamheshimu.

Kuchagua mrithi wa kiti ndio kazi ngumu kuliko kugawa hela. Usawa wa hela na usawa wa kura ni mambo mawili, na wazazi wengi wanavichanganya kwa huruma. Kuna familia ziligawa sawa mapema sana na ikawasaidia: Sam Walton mwaka 1953, kabla hata ya duka lake la kwanza la Walmart kule Marekani kufunguliwa 1962, aliweka mali kwenye ubia wa familia na kila mtoto kati ya wanne akapata asilimia 20, wakati huo thamani ilikuwa ndogo, ikakua ikiwa tayari mikononi mwao. Lakini tazama upande wa pili, Rupert Murdoch, mwenye vyombo vya habari kama Fox News, alianzisha mwaka 1999 trasti ya familia (mfuko wa kisheria unaoshika mali kwa niaba ya warithi) ambayo baada ya kifo chake ingewapa watoto wake wanne wakubwa kura sawa. Baadaye akataka mmoja, Lachlan, ndio ashike usukani, akajaribu kuibadilisha, watoto watatu wakapinga, Desemba 2024 kamishna wa mahakama huko Nevada akamkatalia na kusema hakuwa na nia njema. Ikabidi ilipwe hela, Septemba 2025 hao watatu wakakubali kutoka, kila mmoja na takriban dola bilioni 1.1. Kwahiyo kabla hujasaini kitu kisichobadilishika jiulize kama utakuwa na mawazo hayo hayo miaka 20 ijayo. Utakuwa nayo? Mimi nina mashaka.

Njia ninayoipenda: mtaje mrithi mkiwa na miaka ya kumjaribu. Mpe kitengo kinachopata hasara, sio kile kinachong'aa. Mzee ahame ofisi kwa hatua, kwanza aache kusaini malipo, alafu aache kuongoza vikao vya kila wiki, mwisho abaki bodi. Na akishaachia kweli aachie, hakuna kitu kinamuua mrithi kama mameneja kumpita mlangoni kwenda kumuuliza baba nyumbani.

Baraza la familia na karatasi zake

Msilifanye kubwa. Mara mbili kwa mwaka inatosha, ajenda itumwe wiki moja kabla, mwenyekiti asiwe mzee mwenye mali (akiwa yeye hakuna atakayesema kitu), na kwa vikao vya mwanzo mlete mtu wa nje anayeheshimika na pande zote asiye na maslahi. Kikao cha kwanza msiguse hisa kabisa. Anzeni na kitu kidogo chenye moto wa wastani, mfano nani anatumia nyumba ya mapumziko wakati gani na nani analipa matengenezo, mkiweza kukubaliana hilo na mkaliheshimu miezi sita mtakuwa mmejifunza kukubaliana. Vitu vya hisia kama pete ya mama, saa ya babu, albamu za picha, msiviuze wala msivipe bei, pigeni kura ya nani aanze kuchagua, mnachagua kwa zamu mpaka viishe, raundi inayofuata mnaanzia upande wa pili.

Andikeni muhtasari wa kila kikao. Na ishu za mali zitoke kwenye grupu la WhatsApp. Humo pongezaneni birthday, pelekeni picha za watoto, ila "nani kachukua hela ya kodi" isiandikwe humo usiku saa sita, maana ile skrinshoti ndio itakuwa kielelezo namba moja mahakamani.

Jambo moja la kisheria ambalo wengi hawalijui. Makubaliano ya familia hayaifungi kampuni hivi hivi. Dhirubhai Ambani, mwanzilishi wa kampuni kubwa ya Reliance kule India, alifariki Julai 2002 bila wosia, wanawe wawili Mukesh na Anil wakagombana hadharani mpaka mama yao Kokilaben akaingia kati na biashara ikagawanywa Juni 2005. Ndani ya makubaliano yale kulikuwa na suala la gesi, kampuni ya mmoja kuiuzia ya mwenzake kwa bei waliyopatana. Ikaenda hadi Mahakama ya Juu na Mei 2010 ikaamuliwa kwamba karatasi ile ya familia haiifungi kampuni, wanahisa wengine wala hawakuwa wanaijua. Yani hata neno la mama halikutosha. Mkikubaliana sebuleni, hakikisheni linapita kwenye bodi, linaingia kwenye katiba ya kampuni au mkataba wa wanahisa, linasainiwa na wenye mamlaka.

Hapo hapo kwenye mkataba wa wanahisa wekeni kwamba anayetaka kuuza hisa awape kwanza ndugu zake nafasi ya kununua. Hermès, kampuni ya familia ya mikoba ya kifahari kule Ufaransa, walishtuka Oktoba 2010 mshindani wao LVMH ilipotangaza kwamba tayari ina zaidi ya asilimia 14 ya kampuni yao, wanafamilia wakakusanya zaidi ya nusu ya hisa zote kwenye kampuni moja inayoitwa H51 na kuzifungia humo, na 2014 LVMH ikakubali kuziachia zake. Walifanikiwa kwa sababu walikuwa wanaongea bado. Familia iliyonuniana inanunuliwa mmoja mmoja kimya kimya.

Kodi nayo. Alipofariki Lee Kun-hee wa Samsung Oktoba 2020, familia ilitangaza itailipa serikali ya Korea Kusini zaidi ya won trilioni 12 za kodi ya mirathi, kwa awamu ndani ya miaka mitano. Wao walikuwa na uwezo. Familia yenye majengo mengi na keshi kidogo inalazimika kuuza jengo bora kwa bei ya haraka, kwahiyo hesabuni mapema hela ya kodi itatoka wapi, iwe bima ya maisha au akiba.

Jina

Siri za familia hazivujishwi na waandishi wa habari, zinavujishwa na mtu wa ndani aliyedharauliwa. Aldo Gucci wa kampuni ya mitindo ya Gucci alifungwa Marekani 1986 akiwa na umri wa miaka 81 kwa kukwepa kodi, na aliyepeleka ushahidi ni mwanae wa kumzaa, Paolo, waliyekuwa wamemfukuza kwenye biashara. Kwa Liliane Bettencourt, mrithi wa kampuni ya vipodozi ya L'Oréal, ilikuwa mtumishi wa ndani aliyeficha kinasa sauti, mazungumzo yakachapishwa Juni 2010 yakagusa mpaka wanasiasa wa Ufaransa. Nyuma ya hiyo yote kulikuwa na binti aliyeona mama yake anazeeka na kuna mtu wa pembeni anapewa mamilioni, alishitaki 2007, na 2011 mahakama ikamweka mama chini ya uangalizi.

Kwahiyo kulinda jina kunaanza na kuwatendea vizuri watu wanaojua mambo yenu: dereva, mhasibu wa zamani, mke mliyeachana naye, mtoto aliyekosa kiti. Mikataba ya siri wekeni, ila haina nguvu kama heshima. Na mzee akianza kusahau, isifichwe. Awe ameshasaini mapema, akiwa timamu, hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mambo yake, na ndani yake iandikwe madaktari wawili huru ndio watakaosema sasa hawezi. Zawadi yoyote kubwa anayotoa baada ya umri fulani iwe na saini ya mtu wa pili. Hiyo inamlinda yeye na inamlinda anayepewa.

Stori ikishatoka, msemaji awe mmoja, na wengine wote wawe na sentensi moja tu ya kumwelekeza mwandishi kwake. Taarifa iwe fupi kama hivi:

"Kuna tofauti ndani ya familia yetu kuhusu mirathi na zinashughulikiwa kwa njia za kisheria. Kampuni inaendelea na kazi chini ya bodi yake na mishahara inalipwa kama kawaida."

Basi. Msitaje ndugu kwa jina, msiseme "uongo mtupu" (maana ikionekana kesho kuna ukweli kidogo mmekwisha), na hiyo ya mishahara msiandike kama hamna uhakika. Vijana wenu wa miaka 19 wanaopiga picha na ndege na saa wiki ambayo kampuni inapunguza wafanyakazi, kaeni nao kabla, waelezeni kwanini, wakipigwa marufuku tu watafungua akaunti nyingine.

Ila kama tatizo ni la kweli, yani kuna watu wameumia, hakuna msemaji atakayelifuta. Familia ya Sackler ilikuwa na jina lake kwenye kuta za makumbusho makubwa duniani, lakini baada ya madhara ya dawa ya maumivu ya OxyContin iliyotengenezwa na kampuni yao ya Purdue, Louvre ikaliondoa jina 2019 na Metropolitan ya New York ikafuata 2021. Misaada ilikuwa ya kweli na bado haikusaidia. Rekebisheni kosa kwanza, lipeni wanaostahili, ndio muongee.

Na kama mmeshafika mahakamani

Bado hamjachelewa sana. Ombeni usuluhishi wa faragha, majaji wengi wanafurahi kuwapunguzia faili. Mara nyingi jibu ni mmoja kutoka na hela yake, na hapo uangalifu uwe kwenye bei. Kwenye Koch Industries, kampuni ya familia kule Marekani, ndugu wawili walinunuliwa hisa zao 1983, baadaye wakaja kuamini walipunjwa, kesi zikaendelea mpaka 2001. Kwahiyo mthamini awe huru na achaguliwe na pande zote mbili, hesabu zote zifunguliwe kwa anayetoka, na muweke kipengele kwamba kampuni ikiuzwa kwa bei ya juu zaidi ndani ya miaka mitatu au mitano, aliyetoka anaongezewa tofauti yake. Malipo yakiwa kwa awamu yawe na dhamana. Gharama za mawakili mkubaliane siku hiyo hiyo nani anabeba. Na aliyeuza hisa amevua kofia moja tu, ya ndugu bado anayo, kwahiyo aendelee kuitwa kwenye baraza la familia na asitolewe kwenye grupu wiki hiyo hiyo.